Mbegu ya Viazi Vitamu: Kuichagua, Kuihifadhi na Kuipanda

Mwanafunzi wa Didia, mkoani Shinyanga, akisoma kitabuni kwamba viazi hupandwa kwa viazi, huenda akashangaa, maana nyumbani kwao amezoea kuona marando yakikatwa na kuchomekwa katika matuta. Kitabu hakikukosea, wala wazazi wake hawakukosea. Mimea hiyo ni miwili tofauti kabisa.

Kiazi mviringo ni shina lililovimba chini ya ardhi. Vishimo vyake, viitwavyo macho, ndimo machipukizi hutokea. Mmea huo hupenda baridi, na ndiyo sababu hustawi Njombe, Mbeya na milima ya Usambara, si katika joto la Shinyanga. Kiazi kitamu, kwa upande wake, ni mzizi ulionenepa kwa kuweka wanga. Jamaa zake ni maua ya asubuhi yatambaayo uani, hali jamaa za kiazi mviringo ni nyanya na bilinganya. Katika bustani ya Didia, basi, suala la mbegu ya viazi ni suala la kiazi kitamu.

Tatizo la kiangazi

Mvua za Shinyanga huanza aghalabu mwezi Novemba na kukoma kati ya Aprili na Mei. Kuanzia Juni hadi Oktoba ardhi hukauka, na marando hukauka pamoja nayo. Mwenye kisima au bonde lenye unyevu huweza kuyanusuru machache. Wengine husubiri mvua inyeshe ili viazi vilivyosahauliwa katika shamba la mwaka uliopita vichipue, ndipo wakate marando yake.

Tufanye hesabu ya kusubiri huko. Mvua ikianza katikati ya Novemba, machipukizi yatahitaji majuma 6 hadi 8 ili yawe marefu ya kutosha kukatwa. Tumekwisha kuingia Januari. Viazi huhitaji miezi 4 au 5 kukomaa, kwa hiyo mavuno yatakuwa Mei au Juni, na mvua itakuwa imekatika kabla viazi havijanenepa. Aliyekuwa na marando tayari katikati ya Novemba huweza kuvuna kuanzia katikati ya Machi, wakati ambapo ghala za nafaka katika kaya nyingi zimepungua. Tofauti ya miezi miwili hiyo ndiyo tofauti ya kula na kutokula.

Uteuzi huanza kabla ya kuvuna

Kwa kuwa kipando ni kipande cha mmea mama, hurithi sifa zake zote, na pia huchukua maradhi yake. Maradhi mabaya zaidi ni yale ya virusi. Virusi vya aina mbili, kimoja kikienezwa na vidukari na kingine na nzi weupe, vikikutana ndani ya mmea mmoja huudumaza: majani huwa madogo, membamba, yaliyojikunja na kupauka. Mavuno huweza kupungua kwa zaidi ya nusu. Virusi hivyo hukaa hata ndani ya kiazi, na machipukizi yake huzaliwa nayo.

Kiazi kilichokwisha kung'olewa hakionyeshi kama mmea wake ulikuwa mgonjwa. Hatuna budi, basi, kuchagua majani yakiwa bado mabichi. Pita shambani, tazama mashina yaliyostawi bila dalili hizo, uyawekee vijiti. Wakati wa kuvuna, mbegu itoke kwenye mashina hayo tu.

Chagua viazi vidogo na vya wastani, visivyo na jeraha wala matundu ya fukusi. Mdudu huyu hutaga mayai katika shina na katika kiazi, akikifikia kupitia nyufa za udongo. Mabuu yake hula ndani, na kiazi hujihami kwa kutengeneza kemikali chungu. Ndiyo sababu kiazi kilichotobolewa huwa kichungu hata kikipikwa.

Kuhifadhi katika mchanga

Watafiti wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi na wenzao wa Uganda na Tanzania wamekuza njia ambayo kaya yoyote yaweza kuifuata. Mchanga haukosekani: udongo wa luseni wa Usukuma una mchanga mwingi.

1. Kausha mchanga juani, kisha uache upoe kabisa. Mchanga wa moto huharibu viazi.
2. Tandika mchanga katika beseni au ndoo, panga viazi bila kugusana, funika kwa mchanga, kisha panga safu nyingine. Safu ya juu ifunikwe vizuri.
3. Weka chombo ndani ya nyumba, mahali pakavu penye ubaridi, mbali na panya.
4. Kila mwezi kagua. Ondoa vilivyooza, vunja machipukizi yaliyowahi, urudishe vizima.

Mchanga mkavu humzuia fukusi kufika, maana hana uwezo wa kuchimba. Hupunguza upotevu wa maji ya kiazi. Na hukilinda na mabadiliko ya joto la mchana na usiku. Viazi visipogusana, uozo wa kimoja hauambukizi kingine kwa urahisi.

Kitalu na kupanda

Majuma 6 hadi 8 kabla ya mvua, yaani kuanzia katikati ya Septemba, toa viazi uvipande katika kitalu karibu na nyumba, kwa nafasi ya sentimita 50 kila upande. Kitalu kiwe mbali na mashamba ya zamani ya viazi, na kizungushiwe ua wa miiba, kwani mbuzi hulipenda jani bichi la kiangazi. Mwagilia mara mbili au tatu kwa juma. Maji yaliyooshea nafaka yafaa.

Kiazi kilichotunzwa vema huweza kutoa vipando vipatavyo 40. Kata sehemu ya juu ya rando, urefu wa sentimita 30. Sehemu ya karibu na ardhi iache, maana ndiyo aipendayo fukusi kutagia. Katika matuta yaliyoachana mita 1, panda kila baada ya sentimita 30, theluthi mbili za kipando zikiwa ardhini, kwa kuwa mizizi hutoka kwenye vifundo. Baadaye pandishia udongo kuziba nyufa.

Jaribio la shuleni

Wakati wa mavuno, chagueni viazi 20 vizima vya ukubwa unaokaribiana. Pimeni uzito wa kila kimoja. Vihifadhini 10 katika mchanga na 10 katika kikapu kitupu, chumba kimoja. Kila mwezi andikeni uzito, idadi ya vilivyooza, vilivyotobolewa na vilivyochipua. Chorea matokeo katika grafu. Kwa nini ni lazima makundi yote mawili yakae chumba kimoja?

Maswali

1. Shamba lina mita za mraba 500. Kwa nafasi zilizotajwa, vitahitajika vipando vingapi, na viazi vingapi vya mbegu? (Mtapata vipando vipatavyo 1,667, yaani viazi 42. Ongezeni vichache kwa ajili ya vitakavyooza.)
2. Kitalu cha viazi hivyo 42 kitachukua eneo gani?
3. Eleza kwa nini marando ya viazi vilivyojiotea katika shamba la zamani ni mbegu ya mashaka, hata yakiwa mengi.

Jibu la swali la pili ni mita za mraba 10 na nusu: eneo dogo kuliko darasa. Michembe na matobolwa huivusha kaya katika kiangazi kwa chakula. Beseni la mchanga laweza kuivusha mbegu katika kiangazi hicho hicho.