Dondoo muhimu: Kinachovunja shingo ya raketi ya badminton

Raketi nyingi za kaboni zina uzito wa gramu 80 hadi 90 tu, na shingo ina unene wa penseli. Imeundwa ipinde kwa smeshi. Kinachoiumiza ni kugongwa ubavuni.

Wawili wawili: Wenza wakikimbilia kinyoya kimoja, raketi hugongana. Ufa hujificha chini ya rangi, kisha shingo hukatika siku nyingine kwa pigo la kawaida.

Ukaguzi: Baada ya kugongana, mchezaji apitishe ukucha polepole kutoka kishikio hadi kichwa. Ukucha ukikwama, au shingo ikilia inapopindwa kidogo, raketi isitumike tena.

Hifadhi: Isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, wala chini ya mizigo mizito.