Kausha Mahindi Kabla ya Kuyaweka Ghalani

Mahindi yaliyovunwa bado si akiba mpaka yamekauka. Punje huonekana ngumu kwa nje, kumbe ndani bado ina maji. Ikifungiwa ndani ya gunia hupata joto, kisha huota ukungu. Upo ukungu mmoja utoao sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii haionekani kwa macho, wala moto wa kupikia hauimalizi. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua kwa sumu hii, na 125 kati yao wakafa. Mwaka 2016 watu walikufa pia katika mikoa ya Dodoma na Manyara, Tanzania.

Katika vyuo vya kilimo mwanafunzi hufundishwa kanuni hii: katika kila sehemu 100 za uzito wa mahindi yaendayo ghalani, maji yasizidi sehemu 13. Chuoni hupima kwa mashine. Wewe waweza kupima nyumbani kwa chupa na chumvi.

KUVUNA. Bandua punje kwenye gunzi uitazame ncha yake. Ukiona alama nyeusi, mahindi yamekomaa. Usiyaache shambani mpaka mvua nyingine iyakute, wala usiyarundike chini.

KUANIKA. Ukungu huo huishi udongoni. Kwa hiyo usianike juu ya ardhi tupu. Tumia kichanja, jamvi au turubai. Punje zilizopukuchuliwa zitandaze kwa kina kisichozidi vidole viwili, uzigeuze mara kwa mara. Jioni zifunike, kwa sababu umande hurudisha maji uliyoyaondoa mchana.

KUPUKUCHUA. Usipige mahindi kwa fimbo ndani ya gunia. Punje iliyopasuka ni mlango wa ukungu na wadudu. Pukuchua kwa mkono au kwa mashine. Ukitumia mashine, hakikisha kwanza kwamba mahindi yamekauka vya kutosha, maana mabichi husagika. Ikiwa punje nyingi zinatoka zimevunjika, punguza mwendo wa mashine.

KUPIMA. Fanya hivi:

1. Twaa chupa kavu ya kioo yenye kizibo, na chumvi iliyoanikwa juani ikakauka kabisa.
2. Jaza mahindi mpaka theluthi moja ya chupa.
3. Tia vijiko vitatu vya chumvi, kisha ufunge.
4. Tikisa kwa nguvu kwa dakika moja, halafu uiache chupa kwa dakika 15.
5. Tazama ndani. Chumvi ikiganda kwenye kioo, maji yamezidi sehemu 15. Rudisha mahindi juani. Isipoganda, yamepungua chini ya 15. Hata hivyo, anika tena siku moja au mbili za jua kali, ili yafike 13.

Wakulima wengine husema kwamba kukausha sana hupunguza uzito, na hivyo fedha. Ni kweli kwamba kilo 100 zenye maji sehemu 20 zikikaushwa mpaka 13 hubaki kilo 92. Lakini kilo 8 zilizopungua ni maji matupu. Chakula chako hakikupungua hata punje moja. Ukiziweka zile kilo 100 na maji yake, waweza kuzikosa zote.

KUHIFADHI. Panga magunia juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta, katika ghala lisilovuja. Usichanganye mahindi ya zamani na mapya.

MAHINDI YENYE UKUNGU. Chambua uyatoe. Usiyasage, usiyapikie pombe, wala usiwape kuku au ng'ombe. Kuku huweza kufa, na ng'ombe wa maziwa huipitisha sumu katika maziwa wanayokunywa watoto wako. Yachome au uyafukie. Na ukiona gunia zima limevunda, usijaribu kuliokoa kwa kuliosha.

Kazi ya miezi minne shambani isipotee kwa siku tatu za kuanika. Debe moja la mahindi makavu ni bora kuliko gunia zima la kutupa. Ukiwa na shaka, anika siku moja zaidi.