Kufundisha Utunzaji wa Picha za Dijitali

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi mwalimu wa Darasa la Sita anavyoweza kuwafundisha watoto kutunza picha za dijitali ili zidumu. Mifano yetu tumeichota Moshi na vijiji vya mteremko wa Kilimanjaro. Mwalimu atakayepangiwa kazi kwingineko atafute mifano ya mazingira yake.

Umuhimu wa somo

Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na picha nyingi walizopiga zingali zipo hadi leo. Mwaka 1912 Fritz Klute na Eduard Oehler waliupiga picha mlima, na kutokana na picha hizo ikachorwa ramani ya barafu. Kwa msaada wa ramani hiyo twajua kwamba barafu iliyoenea takriban kilomita za mraba 12 wakati ule ilikuwa imepungua hata kuwa chini ya kilomita 2 za mraba ilipofika mwaka 2011. Picha ya Kibo anayoipiga mzazi wa Marangu leo kwa simu yake nayo ni ushahidi wa namna hiyo. Barafu ikiisha kuyeyuka, haipigwi picha tena. Vivyo hivyo picha ya babu akizibua mfongo kihambani mwake.

Picha ya kioo au ya karatasi huweza kusahauliwa kabatini miaka mingi, kisha ikatazamwa kwa macho tu. Picha ya dijitali ni mfululizo wa tarakimu 0 na 1 uliowekwa ndani ya chombo. Chombo kikifa, picha nayo imekwenda. Simu huibiwa au huangukia majini. Flashi na memori kadi huweza kupoteza zilichobeba zikiachwa miaka mingi bila kutumiwa. Kwa hiyo usalama wa picha hautegemei uzuri wa chombo, bali wingi wa nakala na uangalizi wa mtunzaji.

Madhumuni

Mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze:
(a) kueleza kwa nini nakala moja haitoshi;
(b) kutaja na kufafanua kanuni ya 3-2-1;
(c) kuandika jina na maelezo ya picha.

Zana

Makasha matatu na vipande vya karatasi. Kompyuta si lazima.

Hatua za kufundisha

1. Utangulizi. Waulize watoto: nyumbani kwenu, picha ya zamani kuliko zote ni ipi, na imewekwa wapi?

2. Maarifa mapya. Andika juu ya makasha: "Simu", "Kompyuta ya shule", "Flashi kwa shangazi, Arusha". Kila kikundi kichore picha moja. Kikundi cha kwanza kiweke picha yake katika kasha la simu tu. Cha pili kinakili yake na kuiweka katika makasha yote matatu. Kisha ondoa kasha la simu na kusema, "Simu imeibiwa." Watoto wataona wenyewe nani amepotelewa. Hapo ndipo utaje kanuni: nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na nakala 1 ikae mbali na nyumbani.

3. Mazoezi. Kila mwanafunzi aandike jina la faili kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, mahali na jambo, kwa mfano: 2024-07-15-Marangu-mfongo. Chini yake aandike walio pichani ni nani. Picha isiyo na majina, wajukuu hawataweza kuitambua.

4. Hitimisho. Sisitiza mambo mawili. Kwanza, nakala zikaguliwe kila mwaka, na kuhamishiwa chombo kipya kabla kile cha zamani hakijachakaa. Pili, picha inayotumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp hupunguzwa ubora; nakala ya kutunza itolewe katika simu iliyoipiga.

Tahadhari

Mwalimu asikusanye picha za familia bila idhini ya wazazi. Kazi ya nyumbani iwe kuuliza majina kwa wazee, maana kumbukumbu za wazee hazina nakala ya pili.

Maswali ya kujadili

1. Shule isiyo na umeme itatimizaje kanuni ya 3-2-1?
2. Andaa andalio la somo la dakika 40 kwa kutumia picha za kijiji chako.