Ada ya Wakili na Kodi ya Kiwanja: Mambo Yampasayo Mtu Aliyenunua Nyumba

Mtu akisha kununua nyumba na kuhamishia humo jamaa yake na vyombo vyake, aghalabu hudhani kwamba kazi imekwisha. Funguo anazo mkononi, majirani wamekuja kumjulia hali, na jina lake limo katika hati. Lakini baada ya majuma machache huletewa karatasi mbili. Ya kwanza ni hesabu ya wakili aliyemwandikia mapatano ya kununua. Ya pili ni dai la kodi ya kiwanja kutoka kwa Serikali ya Kaunti. Wengi hushangaa, wengine hukasirika, na wako wazitiao karatasi hizo sandukuni wakitumaini kwamba zitasahauliwa. Hazisahauliwi. Deni la wakili laweza kufika mahakamani, na deni la kodi hukaa juu ya ardhi yenyewe, likiongezeka mwaka hata mwaka. Kwa hiyo yafaa kila mnunuzi ajue madeni haya hutoka wapi, ni nani apasaye kuyalipa, na yeye ana haki gani.

HESABU YA WAKILI

Katika Kenya, desturi ni kwamba muuzaji humlipa wakili wake, na mnunuzi humlipa wa kwake. Ada hizo hazitokani na mapenzi ya wakili peke yake. Iko Amri ya Malipo ya Mawakili, iliyowekwa chini ya Sheria ya Mawakili, ambayo huonyesha kipimo cha ada kwa kufuata bei ya mali inayouzwa. Wakili haruhusiwi kutoza chini ya kipimo hicho ili awavute wateja wa wenzake. Akitaka kutoza zaidi, ni vyema mapatano yaandikwe na kutiwa sahihi kabla ya kazi kuanza, maana neno la mdomo huwa vigumu kulithibitisha baadaye.

Mteja apokeapo hesabu, jambo la kwanza ni kutenga mafungu matatu yaliyomo. Fungu la kwanza ni ada, yaani malipo ya kazi ya wakili mwenyewe. Fungu la pili ni kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 16 ya ada hiyo. Fedha hii si ya wakili, bali huipeleka Serikalini. Fungu la tatu ni gharama alizozitoa kwa niaba ya mteja, kama vile ushuru wa stempu, malipo ya kukagua daftari la ardhi, na malipo ya kuandikisha hati.

Ushuru wa stempu ndio aghalabu ulio mkubwa kupita yote. Hulipwa na mnunuzi, nao ni asilimia 4 ya thamani ya mali iliyo mjini, na asilimia 2 kwa mali iliyo nje ya miji. Thamani hiyo hukadiriwa na mkadiri wa Serikali, wala si bei tu ambayo watu wawili wameiandika. Muuzaji naye ana kodi yake, ile itozwayo juu ya faida ya kuuza mali, ambayo tangu tarehe 1 Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida. Mnunuzi asikubali kutwikwa mzigo huo kwa kutojua.

Tuseme mtu amenunua nyumba mjini kwa Sh. 4,000,000/-. Kama ada ni Sh. 80,000/-, kodi ya ongezeko la thamani itakuwa Sh. 12,800/-. Ushuru wa stempu utakuwa Sh. 160,000/-. Kama malipo madogo ya kukagua daftari na kuandikisha hati ni Sh. 3,200/-, jumla yote ni Sh. 256,000/-. Ikiwa mteja alikwisha kumpa wakili Sh. 260,000/- mwanzoni, basi hadaiwi kitu, bali ni yeye arudishiwaye Sh. 4,000/-. Msomaji ataona kwamba asilimia 16 imehesabiwa juu ya ada peke yake. Mtu akiona imehesabiwa juu ya ushuru wa stempu pia, na aulize.

Fedha za wateja hazina ruhusa kuchanganywa na fedha za wakili. Sheria humpasa aziweke katika akaunti ya wateja iliyo mbali na yake. Kwa sababu hiyo mteja ana haki ya kuonyeshwa stakabadhi za kila shilingi iliyotolewa, na kuuliza si utovu wa adabu.

AKIONA HESABU NI KUBWA MNO

Mtu asiyeridhika asinyamaze, wala asikimbie. Kwanza na aandike barua ya upole kwa wakili, akiomba hesabu iliyofafanuliwa jambo kwa jambo. Mara nyingi shauri huishia hapo. Wakili hawezi kumshtaki mteja kwa ajili ya ada mpaka mwezi mmoja upite tangu siku alipomkabidhi hesabu. Muda huo umewekwa ili mteja apate kuisoma na kutafuta shauri. Wasipopatana, hesabu yaweza kupelekwa mbele ya ofisa wa Mahakama Kuu ambaye kazi yake ni kuzikagua hesabu za mawakili na kukata kilichozidi. Na kama wakili amekaa na fedha za mteja bila kuzitolea maelezo, iko Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, ambayo hupokea mashtaka ya namna hiyo.

Lakini mteja naye akumbuke kwamba wakili asiyelipwa aweza kuzishikilia karatasi za mteja mpaka alipwe haki yake. Mtu aliyetoa mamilioni kununua nyumba, kisha hati yake ikalala katika kabati la wakili kwa ajili ya deni dogo, hawezi kuiweka rehani wala kuiuza siku ya dharura. Dawa ya deni ni kulipa.

KODI YA KIWANJA

Watu wengi huchanganya malipo mawili ya ardhi. Lipo pango la ardhi, ambalo hulipwa kwa Serikali Kuu na mtu aliyepewa ardhi kwa muda wa miaka iliyohesabiwa. Aliye na ardhi yake moja kwa moja, bila kikomo cha miaka, hana pango la namna hiyo. Na iko kodi ya kiwanja, ambayo hulipwa kwa Serikali ya Kaunti. Wazee wanakumbuka kwamba zamani kodi hii ililipwa kwa mabaraza ya miji. Katiba ya mwaka 2010 ilizipa kaunti mamlaka ya kuitoza, na kaunti 47 zilipoanza kazi mwaka 2013, madaftari yalihamia kwao. Mwaka 2024 ilitungwa Sheria mpya ya Kitaifa ya kodi hiyo, ikachukua mahali pa sheria mbili za zamani.

Kodi hii hukadiriwa kwa kutazama daftari la thamani, ambamo kila kiwanja kimeandikwa kwa nambari yake. Jambo kubwa la kufahamu ni hili: deni la kodi hukifuata kiwanja. Muuzaji akiondoka akiacha deni la miaka kumi, kaunti haitamtafuta yeye kule alikokwenda. Itabisha mlangoni pa yule aliye na ardhi.

Ndiyo maana Sheria ya Kuandikisha Ardhi ya mwaka 2012 humkataza Msajili kuandikisha uhamisho wa ardhi yenye kodi hiyo mpaka aone hati ya kaunti kwamba hakuna deni. Mnunuzi mwenye busara huitaka hati hiyo kabla ya kutoa fedha zote. Aweza pia kupatana, kwa maandishi, kwamba sehemu ya bei ikae kwa mawakili mpaka hati ipatikane. Hatari kubwa humpata yule aliyenunua kwa karatasi ya mkono tu, bila kwenda kwa Msajili: anakaa katika nyumba, anaipaka rangi, anapanda miti, na siku atakapotaka hati ndipo aonapo deni la mtu mwingine likimngojea.

KUGAWANYA KODI YA MWAKA

Kodi ni ya mwaka mzima, lakini nyumba yaweza kuuzwa katikati ya mwaka. Desturi ni kuigawanya. Tuseme kodi ni Sh. 12,000/- kwa mwaka, muuzaji amekwisha kuilipa yote, na nyumba imekabidhiwa tarehe 31 Mei. Muuzaji ameitumia miezi 5, basi lake ni Sh. 5,000/-. Mnunuzi ataitumia miezi 7, basi humrudishia muuzaji Sh. 7,000/-. Mnunuzi asiyejua desturi hii huona kama anadaiwa mara mbili, na kumbe analipa sehemu yake tu.

BAADA YA KUHAMIA

Mambo haya na yafanywe mapema:

1. Achukue nakala ya hati mpya mpaka ofisi ya kaunti, ili jina la zamani liondolewe katika daftari la kodi na lake liandikwe.

2. Aulize siku ya mwisho ya kulipa. Kutopata barua ya madai si udhuru. Wajibu wa kulipa ni wa mwenye ardhi, na adhabu ya kuchelewa huongezwa.

3. Alipe kwa njia ya kaunti yenyewe, si kwa kumkabidhi mtu fedha barabarani, na ahakikishe kwamba nambari ya kiwanja iliyo katika stakabadhi ndiyo ya kwake.

4. Aziweke pamoja hati, stakabadhi za kodi, stakabadhi ya ushuru wa stempu na hesabu ya wakili, na mkewe au mtoto wake mkubwa ajue zilipo.

Wako wangojao msamaha. Ni kweli kwamba mara kwa mara kaunti nyingine zimesamehe adhabu za kuchelewa, lakini kodi yenyewe haikuondoka, na hakuna ajuaye mwaka gani msamaha utakuja.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mzazi akifa na kuacha nyumba pamoja na kifurushi cha stakabadhi, watoto wake huirithi nyumba. Akiacha nyumba bila karatasi, huenda wakarithi kesi.