Somo la Kiingereza: "A" au "An"? Sikiliza Kwanza, Ndipo Uandike



Huku Merikit mtu hupitisha siku yake kwa lugha nyingi. Sokoni utasikia Ateso na Dhopadhola. Mpakani, Malaba na Busia, Kiswahili kinatosha kununua na kuuza. Lakini ukifika ofisini au hospitalini, karatasi unayopewa mara nyingi ni ya Kiingereza. Mabadiliko ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini Kiingereza bado ndicho lugha ya fomu, na ndicho lugha ya mtihani wa PLE ambao mtoto hufanya mwisho wa darasa la 7.

Leo tujifunze vineno viwili vidogo: "a" na "an". Vinatusumbua kwa sababu Kiswahili hakina vineno hivyo. Sisi tunasema "Nina mtoto", basi. Kwa Kiingereza ni lazima useme "I have a child".

1. KAZI YAKE

"A" na "an" ni neno moja lenye sura mbili. Maana yake ni kitu kimoja, au mtu mmoja, ambaye msikilizaji bado hajamjua. Zamani Waingereza walikuwa na "an" tu, yaani "moja". Baadaye walipolisema haraka mbele ya konsonanti, "n" ikapotea. "An" ikabaki mbele ya vokali, kwa sababu hapo inasaidia ulimi.

Jambo hili si geni kwetu. Tunasema "kiti kikubwa", lakini "kiti cheupe". Tunasema "mtoto", lakini "mwalimu". Sauti inayofuata ndiyo inayobadilisha mwanzo wa neno. Kiingereza kinafanya hivyo hivyo.

2. KANUNI

Sikiliza SAUTI ya kwanza ya neno linalofuata.

Ikiwa ni sauti ya konsonanti, tumia "a": a tent, a blanket, a nurse, a widow.

Ikiwa ni sauti ya vokali, tumia "an": an egg, an orphan, an uncle, an office.

Angalia neno lililo jirani, hata kama si jina la kitu chenyewe. Tunasema "a house", lakini "an old house". Tunasema "an orphan", lakini "a young orphan".

3. MITEGO

Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, kwa hiyo tumezoea kuliamini jicho. Katika Kiingereza jicho linadanganya. Amini sikio.

(a) Herufi "u" mara nyingine husomwa "yu", na hiyo "y" ni konsonanti. Kwa hiyo: a uniform, a university, a union, a Ugandan. Lakini "umbrella" huanza kwa sauti kama "a", kwa hiyo ni an umbrella.

(b) "European" pia huanza kwa "yu": a European.

(c) "One" husomwa "wan": a one-year permit, a one-room house.

(d) Herufi "h" mara chache haisikiki. "Hour" husomwa "awa", na "honest" huanza kwa "o": an hour, an honest man. Lakini "h" ikisikika tumia "a": a hospital, a husband, a hoe.

(e) Tarakimu nazo hufuata sauti. Nane ni "eight", kumi na moja ni "eleven", kumi na nane ni "eighteen". Kwa hiyo: an 8-year-old boy, an 11-year-old girl, an 18-year-old student. Umri mwingine wa watoto chini ya miaka 18 huchukua "a": a 5-year-old child.

4. HERUFI ZA MKATO

Hizi tunakutana nazo kila siku, na hata wenyeji hukosea. Usitazame maneno marefu yaliyofupishwa. Tazama jinsi herufi ya kwanza inavyotamkwa.

UNHCR huanza "yu": a UNHCR officer.
NGO huanza "en": an NGO.
OPM, yaani Ofisi ya Waziri Mkuu, huanza "o": an OPM officer.
WFP huanza "dabliu": a WFP lorry.
LC1 huanza "el": an LC1 letter.
HIV huanza "eichi": an HIV test.
SMS huanza "es": an SMS.

UNICEF husomwa kama neno moja, "yunisef": a UNICEF tent.

5. WAPI HATUWEKI

Vitu visivyohesabika kimoja kimoja havichukui "a" wala "an". Usiandike "a maize flour", "a firewood", "an information", "an advice". Ukitaka kuhesabu, taja chombo au kipimo: a kilo of maize flour, a bundle of firewood, a piece of information.

Kwa wingi pia hatuweki: "I have blankets".

Lakini kazi ya mtu lazima iwekewe. Kiswahili husema "Mimi ni fundi cherehani". Kiingereza husema "I am a tailor". Fomu ikiuliza kazi yako kwa neno moja, "tailor" yatosha. Ukiandika sentensi nzima, usisahau "a".

6. MAANA INAPOBADILIKA

Ukisema "a orphan" badala ya "an orphan", afisa ataelewa. Hilo ni kosa la ulimi tu. Lakini yako mahali ambapo kineno hiki kinabadilisha habari yenyewe. Hapo tuwe waangalifu sana.

"I have a few relatives in Uganda" maana yake ni: ninao ndugu kadhaa Uganda. "I have few relatives in Uganda" maana yake ni: ndugu zangu Uganda ni wachache mno, siwezi kuwategemea. Sentensi ya kwanza inaonyesha una msaada, ya pili inaonyesha huna.

"I speak a little English" ni: nakijua Kiingereza kidogo, tunaweza kujaribu. "I speak little English" ni: karibu sikijui. Mtu anayehitaji mkalimani akisema ile ya kwanza, mahojiano yanaweza kuendelea kwa lugha asiyoimudu.

"I came with a child" ni: nilikuja na mtoto fulani. Haisemi ni wa nani. Ikiwa ni wako wa kumzaa, sema "my child". Ikiwa ni wa marehemu dada yako, sema "my late sister's child". Kwa Kiswahili "nilikuja na mtoto" watu huelewa ni wako. Kwa Kiingereza usiache jambo hilo likisiwe, kwa maana kinachoandikwa humo ndicho kitakachosomwa tena siku nyingine.

Kwa hiyo, ukiwa na shaka, omba mkalimani. Kabla ya kutia sahihi, omba usomewe yaliyoandikwa. Kufanya hivyo si kumkosea afisa heshima.

7. ZOEZI

Jaza "a", "an", au weka kistari (–) ikiwa hapahitajiki kitu. Fanya kwanza bila kutazama majibu. Wenye watoto wa shule, fanyeni pamoja nao, mkisoma kwa sauti.

1. She is ___ nurse.
2. We waited for ___ hour.
3. My son needs ___ uniform.
4. He works for ___ NGO in Tororo.
5. I need ___ advice.
6. She has ___ 8-month-old baby.
7. They gave us ___ useful book.
8. Bring ___ LC1 letter.
9. In 2008 Mulanda had ___ transit centre for people who fled Kenya.
10. He is ___ honest Ugandan.

MAJIBU

1. a. 2. an ("h" haisikiki). 3. a ("yu"). 4. an ("en"). 5. –. 6. an ("eight"). 7. a ("yu"). 8. an ("el"). 9. a. 10. an (neno jirani ni "honest", si "Ugandan").

Ukipata 8 au zaidi, mfundishe jirani. Ukipata chini ya hapo, rudia sehemu ya 3 na ya 4, ukitamka kila mfano kwa sauti mara tatu. Sikio likishazoea, mkono utaandika wenyewe.