Rangi haikaushi ukuta

SWALI: Daktari, naishi Iyunga, Mbeya, tumepanga chumba na sebule. Tangu Januari ukuta wa nyuma ya kitanda umeota madoa meusi. Nimefuta, mume wangu amepaka rangi mara mbili, yamerudi. Nguo za kabatini zinanuka uvundo. Mtoto wetu wa miaka 3 anakohoa usiku, lakini mchana anacheza vizuri tu. Mama mkwe alipokuja kutusalimia alisema huo ni uchafu wangu. Je, ni kweli? Na jiko la mkaa tunalowasha jioni ndani ili ukuta ukauke, linasaidia?
Mama wa wawili, Mbeya

JIBU: Mama, nianze na jiko, maana hilo halisubiri. Litoeni nje leo hii. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hunyang'anya oksijeni nafasi yake kwenye damu. Kichwa kinauma, usingizi mzito unaingia, na usingizi huo ndio unaomzuia mtu kuamka akafungue dirisha. Ukuta wenyewe haufaidiki. Joto linaufukuza unyevu uingie hewani, jiko likipoa usiku wa manane unyevu uleule unarudi kutua palepale penye baridi.

La mama mkwe sasa. Si uchafu. Kiswahili kimeita ukungu kile kinachoshuka asubuhi kutoka Mlima Loleza, kikaita ukungu pia kile kinachoota nyuma ya kitanda, na sioni kama lugha imekosea. Mbegu za kuvu zinaelea katika kila nyumba, ya anayedeki mara tatu kwa siku na ya asiyedeki kabisa. Zinachosubiri ni maji. Kitu kikiloa kikakaa siku moja au mbili bila kukauka, zinaota. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni maji haya yanatoka wapi.

Fanyeni jaribio hili. Chukueni kipande cha nailoni safi, ukubwa wa daftari lililofunuliwa, mkibandike kwenye ukuta kwa selotepu pande zote nne, pembeni kidogo ya madoa. Kiacheni siku mbili. Mkikuta matone upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani: bati linavuja, bomba limetoboka, au msingi unanyonya. Matone yakiwa upande wa nje, unaotazama chumba, maji yanatoka kwenu wenyewe, katika pumzi na mvuke wa sufuria.

Tofali za kuchoma tunazojengea huku Nyanda za Juu Kusini hunywa maji kama sifongo. Fundi akiruka ile tabaka ya kuzuia maji juu ya msingi, ukuta utanyonya kutoka ardhini kila masika. Dalili yake ni madoa yanayoanzia chini, na mara nyingi unga mweupe unaopukutika. Unga huo ni chumvi, wala si ukungu. Udondoshee tone la maji, utayeyuka. Ukungu hauyeyuki.

Lakini nyuma ya kitanda, kwenye ukuta unaopigwa na baridi ya nje? Hapo nawashuku ninyi, na ninasema hivyo kwa upendo. Mbeya ipo mita 1,700 hivi juu ya bahari. Watu wanne wanalala, wanapumua usiku kucha, maharage yamechemka saa mbili ndani, nguo za mtoto zimeanikwa sebuleni kwa sababu nje kunanyesha tangu Novemba, na madirisha yamefungwa. Mvuke wote huo unatafuta mahali pa baridi pa kutua. Kitanda kilichobanwa ukutani hakipitishi hewa, basi hapo hapakauki.

Nalijua hili kwa aibu yangu. Nilipokuwa kijana nilipanga chumba Kihesa, Iringa. Juu ya dirisha kulikuwa na matundu ya hewa ambayo mpangaji aliyenitangulia alikuwa ameyaziba kwa magazeti na soksi. Baridi ya mwezi wa sita ilipoanza, nikaongezea fulana yangu ya zamani. Julai nikatoa koti la suti kwenda harusini, kola imeota manyoya ya kijani. Nilimlaumu mwenye nyumba kwamba bati linavuja. Iringa, Julai! Mvua ilikuwa imekatika wiki nyingi. Siku nilipochomoa zile takataka, fulana yangu ilikuwa imeloa chapachapa kama imetoka kufuliwa.

Kwa hiyo zibueni matundu. Sogezeni kitanda na kabati, mkono uweze kupita nyuma yake. Kila siku fungueni madirisha mawili yanayotazamana hata kwa dakika 15, saa ya jua, kisha mfunge mjifunike. Kupikia, nendeni barazani.

Kusafisha: vaa glavu, funga barakoa, mtoto awe kwa jirani. Usisugue ukuta mkavu, utazirusha mbegu chumba kizima. Lowesha kwa maji ya sabuni, sugua, futa kwa kitambaa, uache ukauke kabisa. Kwenye vigae au sementi laini unaweza kumalizia na Jik, kikombe 1 kwa lita 4 za maji, isizidi hapo. Kwenye tofali na plasta Jik huung'arisha uso tu, mizizi inabaki ndani. Na usiichanganye na siki wala dawa ya kusafishia choo, kwani hutoa gesi inayounguza mapafu. Mablanketi yafueni kwa maji ya moto, yaanikwe juani. Godoro lililoota ukungu hadi ndani halioshwi likapona, ingawa najua bei ya godoro.

Rangi ije mwisho, ukuta ukiwa mkavu, na rangi ya mafuta muiache, inafungia maji ndani ya tofali. Chokaa, ile inayochomwa hapo jirani Songwe, ni bora. Inauacha ukuta upumue, na ukali wake kuvu haiupendi.

Kama jaribio la nailoni litaonyesha maji yanatoka ukutani, mfuateni mwenye nyumba, na asiwajibu kwa kopo la rangi. Huko Rochdale, Uingereza, baba mmoja mhamiaji kutoka Sudan alilalamikia ukungu, akaambiwa apake rangi. Desemba 2020 mwanawe Awaab Ishak, aliyekuwa ametoka tu kutimiza miaka 2, alifariki, na mwaka 2022 mahakama ya uchunguzi wa vifo ikatamka kuwa chanzo kilikuwa ukungu wa nyumba ile. Waingereza wakatunga sheria yenye jina la mtoto huyo.

Sikuambii hivyo ili usilale. Wengi wanaoishi na ukungu huishia kwenye mafua na chafya. Ila mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 uko wazi kwamba nyumba zenye unyevu na ukungu huongeza matatizo ya kupumua na kuchochea pumu, na haukutaja kiasi cha ukungu kilicho salama. Kikohozi cha usiku kwa mtoto anayecheza vizuri mchana kinaweza kuwa pumu, kwa hiyo mpeleke kituo cha afya asikilizwe kifua. Kikifika wiki 2, aulizwe pia kuhusu kifua kikuu, vipimo na dawa ni bure katika vituo vya serikali. Akipumua harakaharaka au mbavu zikibonyea anapovuta pumzi, usingoje asubuhi.

Hukuandika kama mna gunia la mahindi chumbani, lakini nyumba nyingi za huku zinalo. Liinueni juu ya mbao, mbali na ukuta. Mahindi yenye ukungu yasioshwe, yasikobolewe, wala yasipewe kuku. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiishi kwa kuchemshwa, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Mama mkwe akija tena mwezi wa sita, mpe chumba chenye matundu wazi. Na blanketi la pili.