Jinsi ya Kuandika Nadharia Tete ya Utafiti wa Tiba

Kauli kama "dawa hii inasaidia" haitoshi kuanzisha utafiti wa tiba, kwa sababu hakuna matokeo yanayoweza kuikanusha. Nadharia tete nzuri hueleza waziwazi ni data gani zitakazoiangusha. Hatua zifuatazo zinatumia mfano wa FEAST, utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ukachapishwa mwaka 2011.

1. Geuza mada iwe swali. Taja mambo matano: mgonjwa ni nani, anapewa nini, analinganishwa na nani, unapima nini, na lini. Kwa FEAST, swali lilikuwa hivi: watoto wa siku 60 hadi miaka 12 wanaofika hospitalini na homa kali na mzunguko hafifu wa damu, wakiongezewa maji mengi ya mishipani kwa haraka, je, vifo ndani ya saa 48 vitatofautiana na vya wasioongezewa?

2. Chagua kipimo kikuu kimoja. Ukipima mambo ishirini, moja laweza kuonekana limefaulu kwa bahati tu. Vipimo vingine viwepo, lakini viitwe vya ziada tangu mwanzo. "Kupata nafuu" si kipimo mpaka useme nafuu hiyo inapimwaje, na nani.

3. Andika kauli mbili zinazopingana. Nadharia tete sifuri: "Kiwango cha vifo ndani ya saa 48 ni sawa kwa walioongezewa maji kwa haraka na wasioongezewa." Nadharia tete mbadala: "Kiwango hicho kinatofautiana." Hesabu hupima ile ya kwanza. Ikishindikana kukataliwa, usitangaze kwamba tiba zote ni sawa. Huenda sampuli yako ilikuwa ndogo mno. Anayetaka kuonyesha kuwa dawa mpya si duni kuliko ya zamani huanza na kauli nyingine kabisa: nadharia yake sifuri husema dawa mpya ni duni kwa kiwango kinachovuka mpaka fulani, na mpaka huo hutajwa mapema.

4. Amua kama utaangalia pande mbili. Hapa ndipo matumaini ya mtafiti humponza. Kuongeza maji kwa haraka kulikuwa kumekubalika katika miongozo mingi, na wengi walitarajia kungeokoa maisha. Lakini katika FEAST walifariki asilimia 10.6 ya waliopewa maji yenye albumini na asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, dhidi ya asilimia 7.3 ya wasioongezewa kwa haraka. Kamati huru ya kufuatilia data ilishauri usajili usimamishwe Januari 2011. Kauli inayouliza tu "je, inasaidia?" haiachi nafasi ya kujibu "inadhuru". Isipokuwa una sababu nzito, weka pande mbili.

5. Taja tofauti yenye maana kwa mgonjwa. Usiichague kwa kuangalia bajeti. Tuseme vifo vya kawaida ni asilimia 15, nawe unataka kugundua vikishuka hadi 10: kwa nguvu ya utafiti ya asilimia 80 na kiwango cha kosa cha asilimia 5 (maana yake iko katika hatua ya 6), utahitaji watoto karibu 690 kwa kila kundi. Ukitaka kugundua kushuka hadi 12 tu, utahitaji zaidi ya 2,000 kwa kila kundi. Mshirikishe mtakwimu sasa, si baada ya kukusanya data.

6. Weka viwango vya makosa. Kosa la kwanza ni kutangaza tofauti isiyokuwepo. Kwa kawaida hukubaliwa hadi asilimia 5. La pili ni kuikosa tofauti iliyopo. Nguvu ya asilimia 80 humaanisha utaikosa mara moja kati ya tano. Pale ambapo kuikosa kutagharimu maisha, panda hadi asilimia 90.

7. Funga kauli kabla ya kuona data. Ziandike katika itifaki pamoja na njia ya uchambuzi, zipitishwe na kamati ya maadili, kisha usajili utafiti kwenye rejista ya umma kabla mgonjwa wa kwanza hajaandikishwa. Ikilazimu kubadili, weka tarehe na sababu.

Kabla ya kutuma itifaki, mpe mwenzako asiyehusika asome kauli zako, kisha umuulize: "Nikipata matokeo gani, nitalazimika kukubali kwamba nilikosea?" Akikujibu bila kusita, kauli zako zimeiva.